Mwandishi kaja maktaba ya mkoa, bure kabisa, tukakaa watu tisa. Shida hasa ni nini?

#1 Mla Mihogo
Wakuu, salama?

Jumamosi iliyopita kwenye maktaba ya mkoa wetu (sitautaja, mkutubi ni jirani yangu na tunachota maji bomba moja) kulikuwa na mazungumzo na mwandishi wa riwaya. Kiingilio bure. Mwandishi katoka Dar na basi la usiku. Ratiba: ngonjera za watoto wa shule ya msingi, kisha yeye asome sura moja, kisha maswali.

Viti vya plastiki vilikuwa sitini. Najua idadi kwa sababu nilisaidia kuvishusha kwenye Kirikuu. Saa nne, muda uliotangazwa, tulikuwa wanne. Saa tano tukawa tisa. Katika hao tisa mmoja ni mlinzi, aliyeambiwa akae mbele ili picha itoke vizuri, na wawili ni vijana wa kidato cha sita waliokuwa wanakokotoa fizikia meza ya nyuma, wakaombwa wageuze viti. Jamaa akasoma sura yake yote, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Siku hiyohiyo, mtaa wa pili, kulikuwa na uzinduzi wa duka la simu, MC na maspika. Watu walijaa mpaka bodaboda wakakosa pa kupita. Nao ulikuwa bure.

Kwa hiyo mtu asije hapa na "Watanzania hawasomi" halafu akapita kushoto. Hilo nalisikia tangu darasa la tatu. Nataka sababu.

#2 Kipanga Mweusi
Watanzania hawasomi.

(Napita kushoto.)

#3 Bint Kilosa
Tangazo lilibandikwa wapi?

#4 Mla Mihogo
Bint Kilosa, kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, pale ndani. Na grupu la WhatsApp la watumishi wa halmashauri.

#5 Bint Kilosa
Kesi imeisha. Mmewaalika walio ndani waje ndani. Duka la simu lilizungusha gari la matangazo siku tatu, nina uhakika hata kama sikuwepo.

#6 Mama Zai
Bint Kilosa, siyo tangazo tu. Mimi maktaba naijua kama mahali pa kunyamazishwa. Nilipokuwa sekondari nilitolewa nje kwa kucheka, nikaambiwa nisirudi mpaka nije na barua ya mzazi. Leo mtu huyohuyo aniambie njoo upige makofi na vigelegele humu humu? Mwili wenyewe unakataa.

Halafu lile la mlangoni. Mwaka juzi nilimpeleka mwanangu kwenye siku ya hadithi za watoto, mkoa mwingine. Bure, imeandikwa kabisa. Mlinzi akataka kadi ya uanachama. Sina. Akataka risiti ya kiingilio cha siku. Nikamwambia leo ni bure. Akasema bure ni hafla, mlango hauna bure. Mkoba nikauacha kaunta, nikapewa kibao cha mti chenye namba 14, na chupa ya maji ya mtoto ikabaki kwenye mkoba. Tulikaa dakika ishirini mtoto akaanza kulia kiu.

#7 Gongo la Mboto Finest
"Bure ni hafla, mlango hauna bure." Huyo mlinzi ndiye mwandishi tunayemtafuta.

#8 Mkutubi Mstaafu
Habari zenu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema.

Mnadhani mkutubi hataki watu? Kwanza, hafla haina fungu. Kuna fungu la umeme, la usafi, na la vitabu likibahatika. Mgeni akija, nauli yake inatoka mfukoni mwa mtu. Pili, maktaba inafungwa kwa saa za ofisi. Ukitaka kuifungua Jumapili au usiku, unahitaji mlinzi wa ziada, mtu wa kaunta na kibali, na kibali kinaandikiwa barua. Tatu, na hili watu hawalijui, taarifa zetu huuliza wasomaji wangapi wameingia na vitabu vingapi vimeazimwa. Wakati wangu hapakuwa na kisanduku cha kuandika "leo watu arobaini wamemsikiliza mshairi". Kazi isiyo na kisanduku ni kama hukuifanya.

Mama Zai, pole kwa kibao namba 14. Ila mikoba tuliizuia kwa sababu. Kamusi zilikuwa zinaondoka.

#9 Kalamu Kavu
Uzi huu umenigusa kwenye kidonda. Mimi ni mwandishi, riwaya mbili, na nimealikwa maktaba nne. Siyo mimi wa kwa Mla Mihogo, msianze.

Mara ya kwanza nilibeba vitabu thelathini kwenye begi la shangazi kaja, zipu ikafa njiani. Nimefika saa mbili asubuhi. Hafla ilikuwa saa tatu. Tukaanza saa sita kasoro, kwa sababu tulimsubiri mgeni rasmi. Kufika, ikaanza itifaki. Meza kuu ikatambulishwa, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akapewa nafasi ya "kusalimia tu". Risala. Wimbo. Hotuba ya mgeni rasmi dakika hamsini, nyingi zikiwa za barabara na madawati. Mwandishi nikapewa dakika kumi, ya nane nikaletewa kikaratasi: *fupisha*.

Nikauza vitabu viwili. Kimoja kwa mkopo, mpaka leo. Halafu maktaba yenyewe ikaniomba nakala tatu za bure "kwa ajili ya wasomaji".

Kwa hiyo nadharia yangu ni mgeni rasmi. Watu walishajifunza kwamba ukialikwa saa tatu kumsikiliza mwandishi, utamsikiliza mtu mwingine saa saba.

#10 Bint Kilosa
"Kusalimia tu" 😂😂 dakika kumi na tano hizo.

#11 Kipanga Mweusi
Nimerudi. Kalamu Kavu, je, riwaya zenyewe ni nzuri?

#12 Kalamu Kavu
Kipanga, aliyekopa hajarudi kulalamika.

#13 Dogo wa Posta
Nasoma tu wakuu. Ila tukumbuke hizi maktaba ni za tangu uhuru. Maktaba Kuu pale Dar ilifunguliwa siku ya uhuru wenyewe, 9 Desemba 1961, na Nyerere. Watu walijaa. Kwa hiyo wakati ule walikuwa wanakuja, sisi ndio tumeharibika.

#14 Mkutubi Mstaafu
Dogo, tarehe umepatia, mwaka umekosa. Ni 9 Desemba 1967. Ndiyo, Mwalimu ndiye aliyeifungua. Sheria ya kuunda bodi ya maktaba ilipita 1963, kwa hiyo 1961 bodi yenyewe haikuwepo.

#15 Dogo wa Posta
Shukrani mzee. Nilizaliwa 1999, nihurumieni.

#16 Mzee wa Gerezani
Dogo ana hoja hata kama mwaka kaukosa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya *Mtu ni Afya*. Mnaambiwa watu milioni 2 walishiriki, na mimi nilikuwa mmojawapo, kijana wa miaka kumi na saba. Mnakaa kikundi chini ya mwembe, redio moja ya mbao inawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kiongozi anasoma kijitabu, mnajadili choo na malaria, kisha mnakwenda kuchimba choo kweli. Hapakuwa na soda. Mwaka 1975 ikaja ya *Chakula ni Uhai*. Watu walikuwa na mazoea ya kukaa na kusikiliza kwa pamoja jambo lililoandikwa. Mazoea hayo yalikufa, na hakuna aliyeyazika rasmi.

#17 Gongo la Mboto Finest
Mzee wangu shikamoo. Lakini tuseme ukweli, usingekwenda, balozi wa nyumba kumi angekuja kukuuliza ulikuwa wapi.

#18 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Angekuja, ndiyo. Na choo nilichochimba bado kipo.

#19 Mswahili wa Buruburu
Wadau wa Bongo, niaje. Mimi niko Nairobi, acha niwape ya huku.

Kuna shirika linaitwa Book Bunk, lilianzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Wakaingia mkataba na kaunti warekebishe maktaba tatu za jiji: McMillan kule katikati ya mji, na mbili za Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kabla ya kupaka rangi walianza kuuliza watu wa mtaa wanataka nini humo ndani. Nilienda moja ya hizo za Eastlands Jumamosi moja. Kona hii watoto wanasomewa hadithi, nje kuna ngoma, mwandishi anaongea na vijana kwa Sheng na hakuna mtu anamrekebisha. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta mahali pa kuchaji simu. Nilikaa masaa matatu.

McMillan yenyewe ilikuwa ya wazungu, lakini tangu uhuru serikali iliijenga upya ikawa ya wananchi.

#20 Nyakio wa Ngara
Buruburu, hapo mwisho umechapia. Hakuna kujengwa upya. Ni jengo lilelile la 1931, na nguzo zake, na simba wawili wa mawe pale mbele. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kupita kati ya wale simba.

Na usiwaambie Watanzania ni rahisi hivyo. Hiyo ni pesa ya wafadhili pamoja na watu wawili wenye roho ngumu. Hiyo maktaba jirani yangu, isiyo na mfadhili, mwandishi akija tunakuwa watu saba.

#21 Mla Mihogo
Saba! Basi sisi tisa tuko juu.

#22 Mswahili wa Buruburu
Nyakio asante, simba nawakubali. Lakini kuuliza watu wanataka nini si pesa ya mfadhili. Hiyo ni mdomo tu.

#23 Sauti ya Likoni
Assalaam aleikum. Nyote mwazungumzia saa za asubuhi! Nani mtu mzima atoke saa nne asubuhi, Jumamosi, aache duka lake? Huku kwetu mazungumzo ni baada ya isha. Barazani, kahawa kwenye vikombe vidogo, kashata, mtu atoa shairi, mwengine amjibu kwa mizani ileile, na akikosa mizani atachekwa mpaka wiki ijayo. Hakuna kadi, hakuna mgeni rasmi, na hakuna anayekwambia nyamaza. Maktaba imefungwa kitambo wakati huo. Mwapanga hafla wakati watu hawapo, halafu mwauliza watu wako wapi.

#24 Mama Zai
Likoni, baraza ni la wanaume. Mimi baada ya isha naosha vyombo. Saa nne asubuhi Jumamosi ndiyo ningeweza, kama si yule mlinzi.

#25 Sauti ya Likoni
Hapo umenishika, dada.

#26 Mwana wa Maisara
Mie niko Unguja. Nadhani mnalikwepa la lugha. Nimehudhuria mara mbili mazungumzo ya waandishi, mara moja hapa na mara moja Dar, na zote mbili mwenye kuongoza alianza kwa Kiswahili cha "karibuni sana", halafu baada ya dakika tano wote jukwaani wakahamia Kiingereza, na watoto wa skuli waliojaza viti vya nyuma wakabaki kuangalia feni. Tuna mtu kama Gurnah, mtoto wa hapa, kapata Nobel 2021 na riwaya zake kama Peponi kaziandika kwa Kiswahili, sasa sisi tunaona haya ya nini?

#27 Kalamu Kavu
Maisara, hoja yako ya lugha naiunga mkono kabisa, ila mfano umeupindua. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, *Paradise*, 1994. *Peponi* ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota 2022. Yaani mtoto wa Unguja tulimsoma kwa Kiswahili miaka 28 baadaye, baada ya Wasweden kutuambia.

#28 Mwana wa Maisara
Ahsante kwa masahihisho. Basi umeitia hoja yangu nguvu zaidi.

#29 Gongo la Mboto Finest
Mnazunguka mbuyu wakuu. Ni posho. Nimeshuhudia mwenyewe, hafla ya ushairi, maktaba, siitaji. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina, taasisi, namba ya simu, *sahihi*. Ikifika kwako karatasi yenye safu ya sahihi, ubongo wa Mtanzania unajua kuna nauli. Mshairi kamaliza, neno la shukrani limetoka, dua imesomwa. Hakuna aliyeinuka. Watu arobaini wamekaa wanatazamana, mmoja anajipepea na ratiba. Dakika ishirini! Mpaka mwandaaji akasimama akasema "jamani, tumemaliza kweli". Mzee mmoja akauliza, na hata soda?

#30 Kipanga Mweusi
Hiyo chai.

#31 Gongo la Mboto Finest
Kipanga, hata chai haikuwepo. Ndiyo hoja yangu.

#32 Mkutubi Mstaafu
Si chai, nimeyaona hayo mara nyingi. Mimi nilifuta safu ya sahihi kwenye karatasi zangu. Malalamiko yalipungua, na mahudhurio nayo yakapungua.

#33 Jirani wa Leeds
Habari za nyumbani. Niko Uingereza mwaka wa kumi na mbili, na naomba nivunje ndoto ya wanaodhani huku wanajaa. Maktaba ya mtaani kwangu huleta mwandishi kila mwezi, bure. Tunakuwa watu kumi na nne, kumi na mmoja wakiwa wastaafu, na bibi mmoja husinzia kuanzia utangulizi. Na hiyo ni maktaba iliyobaki, kwa sababu nyingi zilifungwa halmashauri zilipokatiwa fedha baada ya 2010.

Tofauti ninayoiona iko upande wa mwandishi. Kuna sheria ya 1979 inayomlipa mwandishi kila kitabu chake kinapoazimwa maktaba. Ni senti kidogo kwa kila mara, na kwa mwaka haizidi pauni 6,600 hata uwe maarufu vipi. Lakini mwandishi akija kuongea na watu kumi na nne, kila anayekwenda kuazima kitabu chake anamwingizia kitu. Kalamu Kavu yeye aliombwa nakala tatu bure.

Ah, na biskuti. Huwa kuna biskuti.

#34 Bint Kilosa
Gongo la Mboto, umesikia? Mpaka Ulaya ni biskuti.

#35 Nyakio wa Ngara
Mimi naona mnaisahau bei. Hata nikimsikiliza mwandishi nikampenda, kitabu chake nakipata wapi? Huku kwetu sheria ya VAT ya 2013 ilipoweka asilimia 16 kwenye vitabu, wauzaji walilia, sisi tukahamia kwa wauza mitumba wa vitabu barabarani. Na maktaba iliyomwalika mwandishi mara nyingi haina hata nakala moja rafuni. Unamwalika mpishi, unamsifu, chakula hakuna.

#36 Kalamu Kavu
Nyakio hapo umegonga. Katika maktaba nne, mbili hazikuwa na kitabu changu siku ninayofika. Moja kilikuwepo, lakini kwenye kabati la kioo, kimefungiwa, "kisipotee".

#37 Dogo wa Posta
Kwa Kenya si kuna maktaba ya ngamia? Nimeona picha.

#38 Nyakio wa Ngara
Ipo, Garissa, tangu 1996. Masanduku ya vitabu yanapakiwa kwa ngamia yanafuata wafugaji na shule. Ndiyo maktaba pekee ninayoijua inayomfuata msomaji badala ya kumsubiri.

#39 Gongo la Mboto Finest
Na ngamia hahitaji kutambulishwa meza kuu.

#40 Mama Zai
Swali kwa Mla Mihogo. Yule mlinzi aliyekaa mbele kwa ajili ya picha, alisikiliza?

#41 Mla Mihogo
Mama Zai, we acha. Ndiye pekee aliyeuliza swali. Watoto wa ngonjera walishaondolewa, wale wa fizikia wamegeuza viti tena. Akanyoosha mkono, kofia kaishika kifuani, akauliza: "Huyu mwanamke kwenye hadithi, kwa nini anarudi kwa mume wake wakati ufunguo wa nyumba ya mama yake anao?" Mwandishi akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hilo. Wakaongea wao wawili kama robo saa, sisi wengine tukawa wasikilizaji. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Halafu kuna gari lilipiga honi getini, akatoka mbio.

#42 Mzee wa Gerezani
Kwa hiyo kwa nini anarudi?

#43 Mla Mihogo
Mzee, honi ilipigwa kabla jibu halijakamilika.

#44 Kipanga Mweusi
Jina la riwaya?

#45 Bint Kilosa
Hahaha Kipanga! Watanzania hawasomi, eti.

#46 Kipanga Mweusi
Nauliza tu.

#47 Mla Mihogo
Wakuu, taarifa. Jirani yangu kauona uzi. Leo asubuhi bombani kaweka ndoo chini, akaniangalia, akasema, "Tunachota maji bomba moja, eeh?" Nimeomba radhi. Kasema hajakasirika, ila mwezi ujao anakuja mshairi, na kwa kuwa najua kuandika sana, nimepewa kazi ya matangazo. Gari la spika siwezi kulilipia. Kuna bodaboda mmoja mwenye kipaza sauti anakubali kuzunguka sokoni kwa mafuta tu. Kuhusu siku, kaniuliza, Jumamosi imeshindikana, tuweke Jumapili?

#48 Bint Kilosa
Jumapili watu wako kanisani mpaka saa saba, halafu kufua.

#49 Sauti ya Likoni
Ijumaa jioni.

#50 Mkutubi Mstaafu
Ijumaa jioni, kibali kiombwe wiki tatu kabla. Umechelewa tayari.

#51 Mama Zai
Jumatano alasiri, watoto wakitoka shule.

#52 Mla Mihogo
Jumatano huku ni gulio, Mama Zai. Hata mkutubi mwenyewe huwa anakwenda kununua dagaa.

#53 Gongo la Mboto Finest
Basi mshairi apelekwe gulioni.

#54 Mkutubi Mstaafu
Nje ya jengo ni kibali kingine.